AMEZIDI: NI NANI HASA ALIYEZIDI?

Tamthilia ya Amezidi ya Said A. Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1995, ni mzaha mchungu juu ya nchi zetu. Ame na Zidi wanaishi pangoni kwa kutegemea vya wengine, lakini ukiwasikia wanavyojisifu utadhani ni matajiri wa kutupwa. Ujumbe uko wazi: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa upande wa fani, mwandishi amefaulu. Ubwege wa wahusika wake unatuchekesha, halafu unatutia aibu. Yeyote aliyewahi kuona magari ya miradi yakipishana na posho za semina zikigawanwa hatashindwa kuwatambua Ame na Zidi. Tabaka la viongozi wanaoishi kifahari kwa fedha za kuombea wenzao limechorwa sawasawa. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu uko kwenye maudhui. Mtu akifunga kitabu hiki ataona msaada ni kitu cha aina moja tu: makombo. Jamani, ndivyo ulivyo? Msaada wa chakula humwokoa mwenye njaa wakati wa ukame, lakini ukimiminwa wakati mkulima wa jirani kavuna, bei ya mahindi yake inaanguka. Upo msaada wa kufungwa kamba: unapewa fedha, ila mashine, vipuri na wataalamu sharti vitoke kwa aliyekupa, kwa hiyo fedha inarudi kwao. Kuna mikopo pia. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Huo nao ni deni, lakini uliipa Zambia njia ya baharini isiyopita kwa makaburu. Nani atauita makombo?

Halafu kuna msaada wa masharti ya kisiasa na kiuchumi. Tanzania ilipokubaliana na IMF mwaka 1986, shilingi ilishushwa thamani, na baadaye mzigo wa kuchangia gharama za shule na hospitali ukamwangukia mwananchi. Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris waliisimamishia Kenya misaada mipya. Desemba mwaka uleule Kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Wakenya walikuwa wameshapigania jambo hilo kwa jasho na damu, lakini shinikizo la fedha lilikuwa na nguvu yake. Kwa hiyo sharti lilelile la mkopeshaji linaweza kumbana mzazi wa Tanzania na kumbana mtawala wa Kenya.

Tamthilia haitusaidii kuona tofauti hizi. Jukwaa limejaa mpokeaji, na kicheko chote kinamwangukia yeye. Mtoaji, ambaye ndiye anayeamua kitolewe nini, lini na kwa bei gani, anaponea kwenye giza la nyuma. Hata wapokeaji wamechanganywa. Mwaka 2025 Marekani ilipokatisha sehemu kubwa ya misaada yake na kuifunga USAID, hofu iliwapata wagonjwa wanaomeza dawa za UKIMWI kila siku na wauguzi wa kliniki zao. Hao si Ame wala Zidi. Hawakuota utajiri, walikuwa wanataka kuishi tu.

Najua kuna watakaosema tamthilia ya kibwege haidaiwi takwimu wala historia. Ni kweli. Lakini fumbo nalo linafundisha, na hili linamfundisha msomaji kumdharau mwombaji bila kumuuliza aliyemfikisha pangoni. Tunapoijadili Amezidi darasani, tusiishie kuandika "utegemezi ni mbaya" na kupata maksi zetu. Tuulize ni msaada gani, anaupokea nani, na anayelipa deni ni nani. Maana mara nyingi aliyekula ni mmoja, na anayelipa ni mwingine kabisa.