Kebo Ndiyo Inayoamua

Ruaha Mbuyuni wasafiri wengi wanaijua kwa vitunguu: basi linasimama, madirisha yanazingirwa na wauzaji, kisha safari ya kuelekea Kitonga inaendelea. Nyuma ya maduka hayo kuna kijana anayejifunza ufundi wa mitandao kwa ruta mbili kuukuu za Cisco, zilizounganishwa moja kwa moja kwa kebo ya siriali. Mwenzake huivuruga mipangilio makusudi. Yeye hutafuta kasoro.

Nilichokipenda kwake ni kutogusa kwanza. Wengi wetu laini ikigoma tunazima, tunawasha, tunamwachia Mungu. Yeye alisoma mstari mmoja tu kwenye skrini: mlango uko hai, itifaki imelala. Mlango wenyewe ungekuwa umelala, angeshuku kebo iliyolegea au ruta ya pili iliyozimwa. Kwa kuwa uko hai, kebo akaiacha.

Akaanzia kwenye saa. Laini ya siriali hupitisha biti moja baada ya nyingine, na pande zote mbili lazima zifuate mapigo yaleyale. Kwenye laini ya kukodi, mapigo hutoka kwa kampuni ya simu. Mezani hakuna kampuni, kwa hiyo ruta moja hubeba kazi hiyo. Ipi? Huchagui wewe, kebo ndiyo inayoamua, kwa ncha yake ya DCE, ile ya upande unaotoa mapigo. Maandishi ya kwenye ncha yalikuwa yamefutika, naye hakubahatisha. Aliiuliza ruta imechomekwa ncha gani, ikamjibu: DCE. Akaiwekea mwendo wa biti 64,000 kwa sekunde.

Itifaki bado imelala. Akatazama namna data inavyofungashwa: upande mmoja HDLC, ambayo ruta za Cisco huitumia zisipoambiwa vingine, upande wa pili PPP. Muuzaji anafunga lumbesa, mnunuzi amekuja na mizani ya kilo. Akaurudisha wa pili kwenye HDLC, akakunja mikono. Ruta hizi husalimiana kila sekunde 10. Mwenye pupa angeshabadilisha kitu kingine katikati, asijue kipi kimetibu.

Laini ikaamka. Anwani akazikagua mwisho.

Kebo hizi zinaondoka, najua. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ni nyuzi za kioo. Hata hivyo, ningekuwa na ofisi, ufunguo wa chumba cha mitambo ningempa yeye.