Gia Uliyopandia Ndiyo ya Kushukia

Shemeji yangu alivurunda kwenye mteremko wa Sunwapta. Mengine ya safari ya familia yake kutoka Jasper hadi Lake Louise, Kanada, hayana doa: alijaza mafuta mapema, maana katika kilomita 230 hivi za ile barabara namba 93 kituo ni kimoja tu, Saskatchewan Crossing, na kwenye mto wa barafu wa Athabasca aliwazuia watoto wasivuke kamba, kwani nyufa hufichwa na theluji. Vizuri.

Turudi kwenye video ya safari hiyo, ambayo wote mmeitazama. Gari linapita kilele cha Sunwapta, mita 2,035, mteremko unafunguka kuelekea kona ya Big Bend, na mkono wa gia umetulia kwenye D. Dada anarekodi kutoka kiti cha mbele, kwa hiyo mguu wa dereva unaonekana. Umelala juu ya breki: haukandamizi, hauachii.

Breki haifuti mwendo, inaugeuza joto. Ukiipapasa mfululizo, diski hazipoi, pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu. Povu hubonyea, unakanyaga, pedali inazama, gari haliitiki. Dawa ni kupunguza gia kabla ya mteremko ili injini ishike, kisha ukanyage breki kwa uthabiti, mwendo ushuke, uachie. Na msiniambie otomatiki haina gia. Nimelisema mara ngapi? Ile L haikuwekwa kuwa pambo.

Kisha kamera inageukia maporomoko ya Bridal Veil. Wengi mlisifia picha. Mimi nilimsikia mtoto kiti cha nyuma: "Baba, nini kinaungua?" Dereva akajibu, "Ni gari la mbele." Mbele hapakuwa na gari.

Nimekulia Iringa. Wazee waliobeba shaba ya Zambia walishuka mteremko wa Kitonga injini ikinguruma kwa gia ndogo, breki wakiigusa kama mpishi anayeonja chumvi. Hawakuwa na ramani inayoongea wala kamera ya nyuma. Walikuwa na masikio.

Nilipomuuliza kwenye kundi la familia, alijibu kwamba breki za siku hizi ni imara. Ni kweli, shemeji. Lakini hata malori yaliyolala korongoni Kitonga yalikuwa na breki.