Bilstein B6 Mbele ya Hilux Vigo: Pikapu Imerudi Ujanani

Jamani, hii Vigo imezaliwa upya! Tangu jozi ya shokapu za Bilstein B6 ifungwe mbele sijataka kushuka. Rasta zilizokuwa zikitingisha usukani mpaka viwiko vinauma, sasa nazisikia kwa sauti tu, mikononi hazifiki. Nikikanyaga breki ghafla, pua haiinami tena. Kwenye kona gari linakaa. Linakaa kabisa! Na injini ni ileile, tairi ni zilezile, springi ni zilezile. Kilichobadilika ni mitungi miwili ya njano yenye maandishi ya buluu.

Kwa wasioifahamu, Vigo ni ile Hilux iliyoanzia Thailand mwaka 2004 na kuendelea hadi 2015. Kabla yake Hilux ya kazi ilikuwa na mambo mengine huko mbele: LN106, mkongwe wa mashambani, ilikaa juu ya springi za pasi, na shokapu yake ilikuwa kifaa cha kujitegemea, unafungua kuukuu unafunga mpya. Vigo ikaja na springi ya mviringo iliyovishwa juu ya shokapu, vyote viwili vikibanwa na maunti moja ya mpira juu. Hapo ndipo wengi wanapopotea dukani. Wanauliza bei ya shokapu, wanalipa, wanaondoka, na maunti iliyokwisha pamoja na springi iliyolegea vinarudishwa vilevile kwenye gari. Mbele ya Vigo hununui shokapu peke yake. Unaamua juu ya mguu mzima.

Sasa tuitazame B6 yenyewe. Ishike kwa mikono miwili, sukuma rodi ndani kwa uzito wa mwili, kisha achia. Inarudi yenyewe! Polepole, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, bila kukwama popote. Hiyo ni gesi ya naitrojeni iliyojazwa kwa shinikizo kubwa, na ndiyo siri ya kifaa hiki. Shokapu nyingi za kawaida, pamoja na zile Vigo ilizotoka nazo kiwandani, zina mitungi miwili, mmoja ndani ya mwingine. Mafuta hupita kutoka wa ndani kwenda wa nje, na gesi hukaa palepale juu ya mafuta. Barabara ikiwa mbaya kwa muda mrefu, mafuta yanapata joto, yanachanganyika na gesi, yanafanya povu. Pistoni ikipita kwenye povu haizuii kitu, na gari linaanza kurukaruka huku dereva akidhani tairi zimejazwa upepo kupita kiasi.

B6 ina mtungi mmoja tu. Ndani yake kuna pistoni kubwa ya milimita 46 inayofanya kazi kwenye mafuta, halafu kuna pistoni ya pili inayoelea, kazi yake moja: kuyatenga mafuta na gesi. Povu halina pa kuanzia. Na kwa kuwa mafuta yanagusa ukuta uleule unaopigwa na upepo wa safari, joto linatoka moja kwa moja. Wazo hili ni la Mfaransa Christian Bourcier de Carbon. Bilstein, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1873, ililichukua miaka ya 1950 na kulipeleka kwenye magari ya Mercedes-Benz. Mimi nalishangaa hadi leo. Wazo rahisi namna hii, na linafanya kazi namna hii!

Nililipeleka gari mahali pasipo na huruma: kutoka lango la Loduare kupanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha kuteremka kuelekea Naabi. Anayeijua barabara ile anajua changarawe yake inavyojipanga mawimbi kwa mawimbi, yasiyoisha, na vumbi linaloficha mashimo. Zamani pua ya Vigo ilianza vizuri na kuharibika kadiri safari inavyoendelea. Safari hii, tulipoteremka kuelekea tambarare, mbele palikuwa pametulia vilevile kama langoni. Tairi zilishika ardhi, usukani ulisikia, na abiria wangu alisinzia. Kwenye barabara ile! Kwa mwendo wa taratibu mjini utahisi ugumu kidogo kwenye vishimo vidogo, sikatai, lakini ukiongeza mwendo ugumu huo unageuka kuwa utulivu.

Je, kila mwenye Vigo anunue B6? Hapana. Mtungi mmoja una udhaifu wake: jiwe likiubonyeza, pistoni inakwaruza palepale na shokapu imekwisha. Mtungi wa nje wa shokapu ya mitungi miwili unaweza kubonyea kidogo na kazi ikaendelea. Anayeshinda kwenye machimbo na makorongo ya mawe namshauri Old Man Emu ya ARB kutoka Australia, yenye mitungi miwili na springi zinazouzwa kwa viwango mbalimbali vya uzito. Na ambaye pikapu yake inabeba mboga na kurudi nyumbani kwa lami, KYB Excel-G ya Japani inamtosha vizuri sana kwa pesa kidogo zaidi. Ni shokapu ya heshima.

Springi chagua kwa mzigo unaokaa mbele siku zote. Bampa la chuma na winchi ni uzito usioshuka, na springi za kiwandani hazikupangiwa kuubeba. Hapo tafuta springi nzito zaidi. Lakini kununua springi ndefu ili gari lionekane refu tu, hilo silipendi kabisa: shafti za mbele za four wheel zinapinda kwa pembe kali, boljointi za juu zinaumia, na tairi zinaanza kuliwa upande mmoja.

Kufunga kwenyewe ni raha kwa fundi anayeijua Vigo: nati tatu juu, bolti moja chini kwenye amu. Sehemu ya hatari ni kubana springi. Ina nguvu ya kuua, na kamba au waya si kifaa cha kubania; nenda kwenye gereji yenye mashine yake. Kisha simama hapo hapo uhakikishe jambo moja: bolti ya chini ikazwe mwisho gari likiwa limeshuka kwenye tairi zake. Ikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi inabaki imejipinda na itapasuka mapema. Funga mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, halafu alaimenti siku hiyohiyo.

Uwe uko Kariakoo au Kirinyaga Road, nenda na namba ya chesisi, maana Vigo fupi ya two wheel haitumii shokapu za ile iliyoinuka, hata kama muuzaji anaapa. Sukuma rodi mwenyewe kabla ya kulipa. Ikibaki chini bila kurudi, hiyo si B6. Irudishe juu ya meza na uende duka la pili.