Shoo ya Jamhuri Hupandwa kwa Kalenda

Mkazi wa Kibera au Kawangware jijini Nairobi anayetaka kushinda kutwa shambani halazimiki kungoja Krismasi apande basi la kwenda mashambani. Uwanja wa Jamhuri, yanakofanyika maonyesho ya chama cha kilimo cha Kenya, ASK, kila mwaka, umepakana na Kibera upande wa mashariki, na kutoka Kawangware ni kuvuka Barabara ya Ngong tu. Chama hicho kilianza mwaka 1901, enzi za walowezi, na uwanja wenyewe uliwahi kuitwa Mitchell Park kwa jina la gavana Philip Mitchell. Siku hizi mabango yanasema Maonyesho ya Kimataifa ya Biashara ya Nairobi. Watu husema Shoo, basi.

Wengi hurudi nyumbani wakisimulia mbwa wa polisi, gwaride na watoto waliolilia baluni. Uchambuzi huu unabaki zaidi kwenye vishamba vya mfano vinavyopandwa uwanjani humo, kwa kuwa huko ndiko ufundi uliko. Na ujanja pia.

Angalia kilichopo: kabichi zimefunga, vitunguu vimelaza majani, mahindi yana ndevu zilizokauka, dania bado changa na laini. Vyote viko tayari wiki moja, tena mwishoni mwa Septemba, masika yakiwa yamepita zamani na vuli haijabisha hodi. Shamba la mkulima wa kawaida haliwi hivyo kamwe.

Siri ni kuhesabu kinyumenyume. Mpanzi huanza na siku ya ufunguzi, kisha anarudi nyuma. Kitunguu kinataka miezi minne hadi mitano tangu mbegu, kwa hiyo kitalu chake hutangulia, Aprili au Mei. Kabichi inakaa kitaluni kama mwezi mmoja na shambani karibu mitatu. Sukuma wiki huhamishwa Julai ili majani yawe mapana. Dania, ambayo ni ya siku 45 hivi, inasubiri hadi katikati ya Agosti. Hesabu hiyo ingekuwa rahisi kama si baridi ya Nairobi. Juni hadi Agosti jua hujificha, mimea inadumaa, na nyanya hupatwa na ukungu unaounguza majani. Mpanzi mzoefu huongeza siku za akiba, halafu anapanda zao lilelile kwa awamu, tofauti ya wiki moja au mbili. Awamu moja ikichelewa, nyingine itaokoa jahazi. Miche ya ziada hubaki kwenye trei: mmoja ukifa, mwingine unachomekwa mahali pake na mgeni hajui kitu. Juu ya yote kuna maji ya mfereji, kila siku.

Kwa ng'ombe, mantiki ni ileile. Yule wa maziwa huogeshwa, hunyolewa na kufunzwa kutembea kwa kamba muda mrefu kabla ya kuingia ulingoni, na mwamuzi hukodolea macho kiwele kuliko pembe.

Sasa mpeleke mama wa Kibera mbele ya kabichi hiyo. Atafanya nini nayo? Hana robo ekari, na maji huyanunua kwa mtungi. Ufundi unaomfaa ni wa gunia, uliosambazwa Kibera na shirika la Kifaransa la Solidarités mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi kufunga njia za chakula. Mkebe uliotobolewa pande zote mbili husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto. Udongo uliochanganywa na samadi humwagwa kuuzunguka, mkebe unavutwa juu kidogo, kokoto zinaongezwa, hivyo hivyo hadi gunia lijae. Nguzo ile ya mawe ndiyo inayoshusha maji hadi chini. Bila hiyo, miche ya juu hulewa maji na ya chini hukauka. Ubavuni hutobolewa matundu ya sukuma. Udongo usichotwe kando ya mtaro wa maji taka.

Tofauti kubwa ni ya wakati. Kishamba cha Shoo hulenga wiki moja ya fahari. Gunia linatakiwa kutoa majani machache kila jioni, miezi mfululizo. Kwa maoni yangu, mabanda mengi bado yanaonyesha ukubwa wa zao kwa watu ambao shida yao ni nafasi na maji. Sheria haiwazuii kulima: kaunti ya Nairobi ilipitisha yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015.

Kwa hiyo ukienda mwaka huu, usiridhike kupiga picha na kabichi. Muulize anayeisimamia maswali mawili: mlipanda tarehe ngapi, na mmetumia mitungi mingapi ya maji?