Oaxaca: chakula kitamu, lakini mahindi gani?

Ndugu na dada wa asosiasyo, leo naomba tuongee juu ya kula. Nilikuwa Meksiko kwa staji fupi ya mahindi, kiisha tukapata siku tatu za kutembea Oaxaca, jimbo moja la kusini. Mtu akisikia "chakula cha Meksiko" anafikiri ni kitu kimoja. Hapana. Iko sawa na kwetu: mtu wa Katanga na mtu wa Équateur hawali namna moja. Oaxaca iko na upishi wake, na watu wake wanaujivunia. Tangu 2010 UNESCO imeandika upishi wa asili wa Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu, na leo katikati ya mji ule restora zenye neno "asili" mlangoni ni mingi kabisa. Nitahakiki moja. Jina lake nalibakisha kwangu.

Tuanze na kizuri. Ukiingia tu, unaona mama mmoja mbele ya komali, bamba la udongo lililopakwa chokaa, kuni zinawaka chini. Anachukua bonge la unga mbichi, analitandaza, analitupa juu ya komali, tortila inavimba, anaitoa. Yangu ilikuja na rangi ya buluu karibu nyeusi, moto, inanuka moshi. Ya kwanza nilikula bila kitu juu yake. Ilikuwa tamu peke yake, na huo njo mtihani. Hata bukari nzuri unaijua mbele ya kugusa mboga.

Siri yake inaanza usiku. Kule mahindi ya tortila hayasagwi makavu kama sisi tunavyofanya. Yanachemshwa na chokaa, yanalala ndani ya maji hayo, asubuhi yanaoshwa na kusagwa yakiwa bado yamelowa. Wanaita nikstamali. Sisi wa agro tulisoma kidogo juu yake: chokaa inalegeza ganda, inaongeza kalsiumu, na inafungua niasini, ile vitamini B3 ambayo ndani ya mahindi ya kawaida imefungwa, mwili hauwezi kuichukua vizuri. Mahindi yalipovuka bahari kuja Ulaya na Afrika, punje ilisafiri, ufundi ukabaki nyuma. Watu waliokula mahindi karibu peke yake wakapata pelagra: ngozi inaharibika, tumbo linaharisha, akili inachafuka. Na si mambo ya zamani tu. Kwa jirani zetu wa Angola, mji wa Kuito ulipata pelagra mwaka 1999 na 2000, wakati wa vita, watu wakiishi kwa mahindi ya msaada. Kwa hiyo tortila ile naipa pointi zote, kwa ulimi na kwa mwili.

Kiisha kukaja mole nyeusi, mchuzi mzito wa pilipili kavu zilizochomwa, ufuta, viungo na chokoleti kidogo, umemwagwa juu ya kuku. Hapa pointi zinashuka. Sukari ilikuwa mingi, pilipili zimenyamazishwa. Ile niliyokula kesho yake sokoni, juu ya benchi, ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, na moshi, na ulimi ulikuwa unatafuta jina la kila kiungo. Naona wapishi wa restora walimwogopa mgeni. Panzi wa kukaanga walikuwa wazuri, na ndimu na kitunguu saumu, lakini meza ya pembeni waliwapiga picha mpaka wakapoa. Mtu aliyekomaa na finkubala hawezi kushangaa panzi.

Sasa nifike kwa jambo lililoniuma. Karatasi ya chakula iliandika: tortila za mahindi ya asili. Nikamuuliza kijana aliyetuhudumia, mwenye adabu sana: mahindi gani? Akaenda jikoni, akarudi: "Ya asili." Ya kijiji gani? "Ya hapa hapa."

Mtasema namsumbua mtoto wa watu. Lakini tuko Oaxaca! Ndani ya pango la Guilá Naquitz, mu jimbo hilo hilo, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vigunzi vya mahindi vyenye miaka zaidi ya 6,000. Meksiko iko na aina za asili za mahindi kwa makumi, na Oaxaca peke yake inabeba zaidi ya 30. Bolita, ya mabonde ya kati, inapendwa kwa tlayuda, tortila pana kama sinia. Nyingine ni za mlimani, nyingine za joto. Zinaishi juu kuna mkulima anayezirudisha udongoni kila mwaka, ndani ya milpa, pamoja na maharagi na maboga. Benki ya mbegu inazitunza kwenye baridi, ni kazi nzuri, lakini ndani ya friji mbegu haikutani na ukame wala wadudu wapya. Na mkulima hawezi kupanda kitu kisichomlisha. Mkataba wa biashara huria wa Amerika ya Kaskazini ulipoanza 1994, mahindi ya bei chini yaliingia kutoka Marekani, na wakulima wadogo wengi wakaacha mashamba.

Kwa hiyo neno "asili" lisilo na jina la mahindi wala kijiji linamsaidia paka mwenye restora. Mkulima wa Bolita na mchuuzi aliyeokota magunia popote, wote wawili wanafunikwa na neno moja, na bei ya sahani inabaki juu. Inawezekana kufanya vingine. Mu mji ule ule iko Itanoní, ilifunguliwa 2001 na Amado Ramírez Leyva, agronomi kama sisi. Ilijijengea heshima kwa kutaja mahindi kwa aina yake na kwa mahali yalipotoka, namna wengine wanavyotaja divai.

Lakini tusicheke watu wa Oaxaca. Hapa Lubumbashi nani aliwahi kuuliza bukari iliyo mezani ni ya mahindi gani? Tunasema "bunga ya Zambia", basi. Zambia ikizuia mahindi kuvuka Kasumbalesa, bei inapanda, sisi wote tunalia. Kijijini mama anatunza mahindi yake ya rangi kando ya nyumba, ya kuchoma. Sokoni hayana jina, na kitu bila jina hakina bei. Kasai 1 tuliisoma kwenye auditwari. Kwenye karatasi ya restora ya hapa kwetu sijaiona hata siku moja.

Hukumu yangu: tortila, pointi zote. Mole, nusu. Neno "asili", sifuri.

Na kwa karamu yetu ya mwaka, wenye kupanga waniruhusu ombi moja. Bukari ya siku ile inunuliwe kwa mkulima tunayemjua, na kwenye karatasi ya meza tuandike aina ya mahindi, teritwari yalipotoka, na bei tuliyomlipa kwa kilo. Bei ikitutia haya, tutajua mahali pa kuanzia kazi.