Jim Reeves Jioni Kator: Nani Anasikika Redioni?

Kila Jumapili jioni, nyumbani kwetu Kator, mama hufungua redio ndogo ya betri asikilize kipindi cha muziki wa kantri. Jim Reeves akianza kuimba, mama huacha kuchambua maharage. Nyimbo hizi alizizoea Kenya, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Kwa hiyo sitasema kwamba huu ni muziki wa wageni usiotuhusu. Kukumbuka nyumba uliyoikimbia ni jambo letu kabisa.

Lawama yangu ni nyingine. Muziki wa kantri ulikuzwa na redio. Mwaka 1925 kituo cha WSM cha Nashville, Marekani, kilianzisha kipindi ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry. Wapiga fidla na banjo wa vijijini waliingia studio wakapiga nyimbo za kwao, kwa lafudhi ya kwao, na watu wa mashambani wakasikia sauti kama zao. Kipindi chetu kimechukua tunda, mti kikauacha. Nimekisikiliza kwa makini mwezi mzima: sikusikia wimbo hata mmoja wa Kibari, wala mkazi wa Kator akihojiwa.

Ni rahisi kusema kwamba mtangazaji ni mvivu. Mimi nadhani ni woga, tena woga wenye sababu. Agosti 2014 maofisa wa usalama walikifunga kituo cha Kanisa Katoliki hapa Juba, Radio Bakhita, baada ya kutangaza habari za mapigano ya Bentiu. Ni vigumu kituo kufungwa kwa kupiga wimbo wa Jim Reeves. Yeye alifariki mwaka 1964. Hana la kusema kuhusu ardhi, mishahara wala vita vyetu.

Huenda nikajibiwa kwamba kuliwaza watu waliochoka nako ni kazi ya redio. Nakubali, maana namwona mama anavyotulia. Lakini kipindi kikiisha, yeye huzima redio ili kuokoa betri, kisha huendelea na maharage yake akiimba nyimbo za Kibari alizofundishwa na bibi. Anaimba vizuri. Hapo ndipo kipindi kingepaswa kuanza, na hapo ndipo kinapokoma.