Ukoko wa Waajemi

Ukoko wa Kiajemi una umri mfupi. Ukitoka chini ya sufuria hutakiwa kuliwa papo hapo, ungali unalia mdomoni. Ukifungiwa kwenye boksi pamoja na wali wa moto, mvuke unaulainisha, na yule anayeupokea mlangoni kwake anatafuna kitu kingine kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi, kwenye mikahawa ya Kiajemi ya Dubai ninayoijua, adhuhuri haijaingia na tayari kibaraza kimejaa vijana wa pikipiki wanaongoja maboksi. Wateja wa kukaa bado wapo, tena Ijumaa baada ya sala hupati pa kuketi. Ila sehemu nzuri kuliko zote ya kazi ya jikoni inakwenda kufia njiani, na sijasikia wengi wakiililia.

Kazi yenyewe nimeijua kwa kuitazama. Kuna mkahawa mmoja wa siku nyingi, upande wa Deira, ambao mwenyewe aliniruhusu kusimama karibu na jiko asubuhi kabla watu hawajaanza kuingia. Fundi wake wa wali ni mzee wa Gilan, kule kaskazini mwa Iran kandokando ya Bahari ya Kaspi, nchi ya mvua na mashamba ya mpunga. Wasaidizi wake wote wanamwita Ustadh, nami nikamwita hivyo hivyo. Hachomi nyama wala hagusi mchuzi. Kazi yake ni wali tu, na hakuna mtu jikoni mle anayeiona kuwa kazi ndogo.

Mchele unakuwa umelowekwa tangu usiku katika maji yenye chumvi nyingi. Asubuhi unamiminwa kwenye maji yanayochemka kwa fujo, na tangu hapo Ustadh habanduki. Anachota punje kwa mwiko wenye matundu, anaiminya kwa kidole gumba na cha shahada, kisha anaing'ata. Anatafuta punje iliyolainika nje ikabaki na moyo mgumu kidogo ndani. Saa iko ukutani na haitazami. Aliniambia kwamba mchele mpya hunywa maji kivyake na wa zamani kivyake, na gunia la leo si gunia la juzi. Akiridhika anatoa sauti moja tu, na vijana wawili wananyanyua sufuria na kuuchuja mchele wote kwa mpigo. Wakizubaa, wali umeshakuwa bokoboko.

Kinachofuata ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Sufuria inarudishwa motoni ikiwa na mafuta na samli chini, na hapo anatandika tabaka la kwanza: siku nyingine mkate mwembamba, siku nyingine slesi za viazi, na siku anayotaka kuwakirimu watu, wali kidogo uliochanganywa na mtindi, kiini cha yai na zafarani. Juu yake anaurushia wali uliochujwa, upawa kwa upawa, bila kuushindilia, mpaka unasimama katikati ya sufuria kama kichuguu. Anageuza mpini wa mwiko na kutoboa mashimo hadi chini ili mvuke upate njia. Halafu anangoja. Analowesha ncha ya kidole na kuigusa sufuria ubavuni. Maji yakilia chwii na kukauka hapo hapo, wakati umewadia. Mfuniko unavishwa kitambaa kinene cha pamba, fundo likafungwa juu, ili jasho la wali linywewe na kitambaa lisirudi kudondokea punje. Moto unapunguzwa. Kuanzia hapo, kwa muda wa saa nzima, hakuna ruhusa ya kufunua.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mama zetu walipalia makaa juu ya mfuniko wa wali wa nazi, na ole wake mtoto aliyeufunua. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimaliza kupakua anavuta kibao chake uani, anaweka sufuria mbele yake na kukwangua ukoko kwa upawa wa chuma. Sisi tumemzunguka, viganja vimekingwa. Wa pembeni ulikuwa mkavu na mweupe, wa katikati ulikuwa wa hudhurungi, umelowa tui lililoiva, na huo haukugaiwa ovyo. Alipewa mtoto aliyetoka kuugua, au aliyehitimu juzuu chuoni, na wengine tukatazama akiula taratibu. Sikuwahi kumsikia bibi akisema kwamba ukoko ni chakula cha wageni. Ulikuwa wetu, wa uani, na wageni ukumbini hawakujua hata kama upo.

Waajemi wamefanya kinyume. Kwao ukoko unapinduliwa juu ya sahani na kuletwa mbele ya mgeni kwanza, na mwenye nyumba akiupata umevunjikavunjika anaona haya. Kwa hiyo saa ikitimia, Ustadh anaikalisha sufuria juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Chuma kinashtuka. Anainamisha kichwa na kusikiliza, na wale vijana wote, mpaka wa kuosha vyombo, wananyamaza. Kuna mlio mdogo wa kuachia. Akiusikia, anatabasamu na kuomba chai yake.

Mitaani, sifa za mkahawa wa Kiajemi ni za kababu, na ni sifa za haki. Nyama ya kondoo inasagwa pamoja na mafuta yake ya mkia, vitunguu vinakunwa na kukamuliwa maji, kisha vyote vinakandwa kwa mkono mpaka nyama inashikamana yenyewe bila yai wala unga. Inabandikwa kwenye vyuma bapa na kutiwa alama za vidole kutoka juu hadi chini. Jiko la makaa halina wavu. Vyuma vimeegemea kingo mbili, na nyama inaning'inia juu ya moto wenyewe. Mchomaji ana kipepeo mkono mmoja, na mkono wa pili haupumziki, kwa maana dakika za mwanzo nyama isipogeuzwa haraka inaanguka kwenye majivu. Mezani inakuja na nyanya ya kuchoma, kitunguu kibichi, majani ya mrehani, kipande cha siagi cha kuzamisha ndani ya wali, na ule unga wa zambarau wenye uchachu unaoitwa somagh. Zamani kiini cha yai kibichi kilivunjwa juu ya wali wa moto na kuchanganywa. Sasa wanaokiagiza ni wazee tu.

Lakini mchomaji yuko mbele ya watu, moto unamwangaza, na wateja wanampiga picha. Mtu wa wali yuko nyuma ya ukuta. Hiyo ndiyo sababu nimemwandika yeye.

Zafarani nayo ina neno lake. Inatoka Khorasan, mashariki mwa Iran, na Iran ndiyo inayotoa karibu asilimia 90 ya zafarani yote duniani. Ua lake la zambarau huchumwa alfajiri, majira ya vuli, kabla jua halijalichoma, na ndani yake mna nyuzi tatu tu. Kwa kilo moja yanahitajika maua kiasi cha 150,000, na kila moja linaguswa kwa mkono wa mtu, kwa sababu mashine haijaweza kuifanya kazi hiyo kwa upole unaotakiwa. Ustadh anaisaga na chembe za sukari kwenye kinu kidogo cha shaba, kisha anaimwaga juu ya mapande ya barafu na kuyaacha yayeyuke yenyewe. Rangi inatoka polepole, kwanza njano, kisha nyekundu ya kutisha. Anayejua huinusa kabla haijafika mezani. Ninapoletewa mahali pengine wali wenye rangi ya njano ya pakiti, unang'aa na haunuki chochote, nasikitika kwa ajili ya wale waliopiga magoti mashambani alfajiri ile, kwamba mtu ameona rangi yao inaweza kughushiwa na mlaji asijue.

Kwenda kula wali na kababu nje ya nyumba ni desturi iliyokua Tehran zama za wafalme wa Qajar, na watu wengi huitaja enzi ya Naser al-Din Shah, aliyetawala 1848 hadi 1896. Ilistawi sokoni, kwa wafanyabiashara waliohitaji chakula cha mchana cha heshima bila kufunga duka kwa muda mrefu. Mpaka leo katika Soko Kuu la Tehran kuna mkahawa wa Moslem, ambako foleni ya adhuhuri inapanda ngazi, na watu wanasimama kwa subira kungoja tahchin, ule wali wa zafarani na mtindi uliookwa mpaka ukoko wake umeuzunguka pande zote, juu umenyunyiziwa zereshk, matunda madogo mekundu yenye uchachu. Umati haukuua ufundi pale. Sufuria kubwa inataka walaji wengi wanaokuja kwa pamoja na kula pamoja, na mkahawa unaopendwa ndio unaoweza kuwakusanya.

Baada ya mapinduzi ya 1979 Waajemi wengi walihamia Los Angeles, London na kwingineko, na mapishi yakahama nao. Hapa Dubai walikuwa wamefika zamani. Wafanyabiashara wa Lengeh na Bastak walivuka Ghuba mwanzoni mwa karne ya 20 na kujenga zile nyumba za minara ya upepo zinazotembelewa na watalii Al Fahidi. Majahazi ya ng'ambo hiyo hiyo yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Mombasa na Unguja, yamebeba mazulia na tende. Hata zile ndimu kavu nyeusi zinazotiwa katika mchuzi wa majani, Waajemi wenyewe huzinasibisha na Oman. Ndiyo maana Mswahili akiingia mkahawa wa Deira na kusikia harufu ya wali uliopaliwa, hajioni mgeni.

Kinachoniuma ni haraka yetu. Nimekaa karibu na meza ambako mtu alimgombeza mhudumu kwa sababu wali haujafunuliwa, na mhudumu, kijana mpole, akajibu tu, "Bado dakika chache, baba." Mahali pengine wameshaliondoa tatizo. Wanapika wali kwa mvuke wa haraka, na ukoko wanautengeneza peke yake, wanakaanga vipande vya mraba kwenye sinia na kuvipanga pembeni ya sahani, ukoko ambao haujawahi kulala chini ya wali hata mara moja. Majumbani kuna sufuria za umeme za Kiajemi zinazotoa ukoko wa duara, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Hizo siziwekei lawama, mama anayefanya kazi mchana kutwa ana haki ya kula ukoko. Lakini mkahawa unaotoza bei ya mkahawa unadaiwa na watu wake ile saa moja ya kungoja, na sisi tunaokula tunawadai zaidi wapishi tukikubali kuwa wavumilivu.

Wasaidizi wa Ustadh hawakai. Mmoja aliyekuwa na mkono mzuri, aliyekwisha kujifunza kuing'ata punje na kuisema kweli, amehamia kwenye pikipiki, kwa kuwa huko malipo ni bora na hakuna moto usoni. Ustadh hakumlaumu. Alimfungia chakula cha njiani siku ya kuondoka, akamwombea salama barabarani.

Nilimuuliza mwenye mkahawa atafanyaje mzee akiamua kurudi kwao Gilan, maana amekuwa akilitaja sana. Akaniambia ameshakata shauri: wali utaendelea, kababu itaendelea, ila ukoko atauondoa kwenye orodha ya vyakula kuliko kuuza usio wa Ustadh. Namheshimu kwa uamuzi huo, na tangu aniambie sijatulia.